Kutoka Lyari hadi Minar-e-Pakistan: siku kumi katika majira ya kura

Jumatano, 31 Januari 2024. Karachi

Nimekuja Karachi kwa sababu mbili, na moja ni ya kifamilia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbulushi wa Makadara, Mombasa, na tangu utotoni nimelisikia jina la Makran, pwani ya Wabulushi, likitajwa nyumbani kwetu kama watu wanavyolitaja shamba la babu lililokwisha kuuzwa lakini minazi yake bado inahesabiwa. Sababu ya pili ni uchaguzi mkuu wa Pakistan wa tarehe 8 Februari. Wameandikishwa wapigakura milioni 128, katika nchi ambayo tangu kuundwa kwake mwaka 1947 haijapata waziri mkuu hata mmoja aliyemaliza muhula wake wa miaka mitano.

Mwenyeji wangu ni mwalimu anayeishi Lyari, mtaa mkongwe wa Wabulushi na wa Masheedi, yaani watu wenye asili ya Afrika ambao wahenga wao walivuka bahari, wengi wao wakiwa watumwa. Asubuhi nilipotoka kununua mkate hakuna aliyegeuka kunitazama, nikajua kwamba sura yangu imefika mahali inapojulikana. Kuta zimechorwa wachezaji wa kandanda, na juu yao zinapepea bendera za Pakistan People's Party zenye rangi nyekundu, nyeusi na kijani, pamoja na mshale ambao ndio alama ya chama hicho. Lyari imekuwa ngome ya PPP tangu enzi za mwanzilishi wake, Zulfikar Ali Bhutto. Hata hivyo, mwaka 2018 mjukuu wake, Bilawal, aliangushwa hapa hapa na mgombea wa Tehreek-e-Insaf, chama cha Imran Khan aliyekuwa waziri mkuu kati ya 2018 na 2022, na ukiwauliza wazee sababu hawakutajii itikadi bali mifereji ya maji iliyokauka.

Jioni tulikuwa katika mkahawa wa chai ya maziwa wakati televisheni ilipokuwa ikirudia habari kwamba Imran Khan na mkewe wamehukumiwa kifungo cha miaka 14 kila mmoja, siku moja tu baada ya yeye mwenyewe kuhukumiwa miaka 10 katika kesi nyingine. Nilitarajia shangwe, kwa kuwa wote waliokuwapo ni watu wa mshale. Badala yake mzee mmoja aliweka kikombe chini akasema kwamba walipomnyonga Bhutto mwaka 1979 wapinzani wake waligawa vitamu, na kwamba yeye ameishi vya kutosha kuona kila mgawaji wa vitamu akifikiwa na zamu yake.

Nyumbani, Amma, mama wa mwalimu, aliwasha jiko na moto uliotoka ulikuwa mdogo kama wa kibatari. Wakati wa baridi gesi ya bomba huja kwa saa. Alipouinamia mtungi wa akiba alitamka maneno ya Kibulushi ambayo mwanawe alinifasiria huku akicheka: gesi ni yetu, moto ni wao. Gesi hiyo iligunduliwa Sui, katika nchi ya Wabugti mkoani Balochistan, mwaka 1952. Mwaka 1955 ilikuwa imekwisha kufika Karachi, kisha ikaenea katika viwanda na majiko ya Punjab, mkoa wenye watu wengi kuliko yote, ilhali Quetta, mji mkuu wa mkoa inamochimbwa, uliisubiri hadi miaka ya 1980. Nimeamua kwamba katika safari hii, kila nitakapolala, nitatazama jiko kabla sijauliza habari za vyama.

Alhamisi, 1 Februari. Mto Hub

Leo nilikusudia kuanza safari ya kwenda mji wa bandari wa Gwadar kwa barabara ya pwani ya Makran, zaidi ya kilomita 600, na sikufika popote. Mto Hub ndio mpaka wa Sindh, mkoa wa Karachi, na Balochistan. Upande wa pili kijana mwenye bunduki, mwenye adabu kuliko nilivyotazamia, aliniomba kibali cha mgeni. Nilikuwa nimekiomba wiki tano zilizopita katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na jibu pekee nililopata lilikuwa ahadi ya kunijibu. Tulipewa chai, tukageuzwa.

Tukiwa njiani kurudi, mwalimu alinisimulia Gwadar niliyokuja kuitafuta, na sehemu kubwa ya masimulizi yake inatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 18 Khan wa Kalat, mtawala wa Wabulushi, alimkabidhi mji huo Sultan bin Ahmad, mwana wa ukoo wa watawala wa Muscat aliyekuwa mkimbizi, ambaye baadaye alitawala Oman na kumzaa Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo mvuvi wa Gwadar na mkulima wa karafuu wa Unguja walikuwa raia wa mtawala mmoja. Oman iliushikilia mji huo hadi mwaka 1958, Pakistan ilipoununua kwa pauni milioni 3 za Kiingereza.

Leo Gwadar ni jina linalotajwa katika kila hotuba ya maendeleo, kwa kuwa ndiyo bandari ya mwisho ya ile njia ya uchumi ya China na Pakistan iliyozinduliwa mwaka 2015. Wakati huohuo umeme wa mji huo kwa miaka mingi umenunuliwa kutoka Iran, maji ya kunywa yamekuwa yakiletwa kwa malori nyakati za ukame, na wavuvi wanalalamika kwamba meli kubwa za nyavu za kukokota zinafagia bahari yao huku wao wakisimamishwa kwenye vizuizi kuulizwa waendako. Mwishoni mwa mwaka 2021 walikaa barabarani kwa zaidi ya mwezi mmoja chini ya kaulimbiu isiyohitaji mkalimani kwa Mswahili: Gwadar ko haq do, ipeni Gwadar haki yake. Maulana Hidayat ur Rehman, aliyewaongoza, sasa anagombea kiti katika bunge la mkoa.

Nilimuuliza mwalimu kama bado anaamini kura. Alikaa kimya hadi tulipoyaona maghala ya kwanza ya Karachi. Kisha akanikumbusha wanawake wa Kibulushi walioandamana kutoka Turbat hadi Islamabad mwezi Desemba, wakiongozwa na Dakta Mahrang Baloch, wakidai kuambiwa walipo ndugu zao waliotoweka mikononi mwa vyombo vya dola. Mji mkuu uliwapokea kwa maji ya mabomba na pingu, na ni wiki iliyopita tu walipofunga kambi yao wakarudi makwao. “Bhai,” aliniambia, “mtu anayetembea safari yote ile kwenda kulia mbele ya serikali, huyo bado anaamini kwamba serikali ni yake. Siku atakapoacha kwenda ndipo uniulize swali lako.”

Ijumaa, 2 Februari. Karachi

Sala, biriani, na mchana mzima wa kupanga tiketi. Jioni nilisikia ngoma ya Masheedi uani kwa jirani, nikaletewa kiti cha heshima kama shemeji. Wanajivunia sana Tanzeela Qambrani, ambaye mwaka 2018 PPP ilimpeleka katika bunge la Sindh kwa kiti maalumu, mwanamke wa kwanza wa jamii yao kuingia humo.

Jumamosi, 3 Februari. Kituoni

Mvua kubwa imeipiga Karachi usiku huu, mitaa imegeuka mito na umeme umekatika sehemu nyingi. Treni ya kuelekea kaskazini imechelewa saa nyingi. Abiria wa kila kabila wamekaa juu ya mizigo yao wakimlaani meya kwa lugha tano. Habari nyingine ya leo ni hukumu ya tatu ya Imran Khan ndani ya wiki moja, safari hii kuhusu uhalali wa ndoa yake, na hata wasiompenda wanaizungumzia kwa haya.

Jumapili, 4 Februari. Larkana na Garhi Khuda Bakhsh

Nilishuka Rohri alfajiri, nikavuka Indus hadi Sukkur, kisha nikapanda gari la abiria hadi Larkana, nyumbani kwa ukoo wa Bhutto. Kando ya barabara bado yanaonekana makovu ya mafuriko ya mwaka 2022, yaliyowaathiri watu milioni 33 nchini kote na kuua zaidi ya 1,700. Kuna kuta zilizobaki nusu, na familia ambazo hema lao limekuwa nyumba ya kudumu kwa kuongezwa mlango wa mbao.

Kaburi la akina Bhutto linaonekana kwa mbali, kuba nyeupe katikati ya mashamba ya mpunga. Ndani amelala Zulfikar aliyenyongwa na utawala wa Jenerali Zia, na binti yake Benazir, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu katika nchi ya Waislamu walio wengi, aliyeuawa Rawalpindi tarehe 27 Desemba 2007 akitoka kwenye mkutano wa kampeni. Yupo pia Murtaza, aliyepigwa risasi na polisi mwaka 1996 wakati dada yake huyohuyo akiwa madarakani. Watu wanabusu vitambaa vya makaburi, wanasoma Fatiha, wanapiga picha, na kila baada ya muda sauti moja inapanda: Zinda hai Bhutto, Bhutto yu hai. Hiki ni chama kilichopata uaminifu wa watu wake kwa damu, ilhali vyama vyetu vingi vimeupata kwa khanga na pilau tu, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Lakini nje ya lango kuna jambo linaloulizika. PPP imeitawala Sindh tangu mwaka 2008, ukiondoa serikali za mpito za nyakati za uchaguzi, na ndiyo iliyoahidi tangu mwanzo roti, kapra aur makan, yaani mkate, nguo na nyumba. Katika wilaya hii hii ya Larkana, kwenye mji mdogo wa Ratodero, mwaka 2019 mamia ya watoto waligunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye sindano zilizotumiwa zaidi ya mara moja. Watetezi wa chama wanajibu kwa kukuonyesha hospitali za moyo zinazotibu bure katika miji kadhaa ya Sindh, nazo zipo kweli. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maua ya waridi kaburini alinionyesha kitambulisho chake cha taifa alichokifunga katika upindo wa shela. Hupokea ruzuku ya fedha taslimu ya mpango ulioanzishwa mwaka 2008 kwa jina la Benazir, na bila kitambulisho hicho asingeipata. Mume wake, alisema, humpigia kura yule ambaye wadera, mwenye ardhi wanayoilima, amemtaja, ila yeye huupiga mshale kwa sababu pesa zile zilikuja kwa jina lake yeye mwenyewe. Alilisema neno la mwisho akijigonga kifua.

Jiko la nyumba niliyolala linawashwa kwa mabua ya pamba na samadi kavu. Bomba la gesi linapita umbali wa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Jumatatu, 5 Februari. Njiani

Ni siku kuu ya mshikamano na Kashmir, ofisi zimefungwa, na basi la Multan limejaa. Nimelala karibu njia nzima.

Jumanne, 6 Februari. Multan

Leo saa 6 usiku kampeni zinakoma, na Multan inatumia saa zake za mwisho kama bwana harusi. Magari yenye vipaza sauti yanapishana mbele ya makaburi ya mawalii yenye vigae vya buluu. Chama cha waziri mkuu wa zamani Nawaz Sharif, Muslim League, kinapeperusha chui milia, ambaye kwa Kiurdu ni sher, neno linalomtosha simba pia, ndiyo maana wasemaji wao humwita mfalme wa mwitu wakati picha imejaa mistari. Gongo la kriketi la Tehreek-e-Insaf halionekani popote. Tarehe 13 Januari Mahakama ya Juu ilikubaliana na tume ya uchaguzi kukinyima chama hicho alama yake kwa hoja kwamba hakikufanya uchaguzi wa ndani ipasavyo, na wagombea wake wakalazimika kusimama kama watu binafsi, kila mmoja na alama aliyopewa. Katika nchi ambayo mamilioni ya wapigakura hawasomi na muhuri hugongwa juu ya picha, hilo si jambo dogo. Nimeona bango la mgombea mwenye sura ya huzuni akiwa ameshika biringani.

Mwenyeji wangu wa hapa ni wakili mstaafu, na neno lilelile, vakil, ndilo linaloandikwa mlangoni pake kwa Kiurdu. Yeye ni Msaraiki, mtu wa lugha ya Kisaraiki, na shauku yake ni moja: kusini mwa Punjab kuwa mkoa unaojitegemea. Watu wa hapa huita madaraka ya kaskazini Takht-e-Lahore, kiti cha enzi cha Lahore. Mwaka 2018 Imran Khan aliahidi kwamba mkoa mpya ungeanza kushughulikiwa ndani ya siku 100. Kilichopatikana baadaye ni sekretarieti iliyogawanywa kati ya Multan na Bahawalpur.

Wakili ndiye aliyenifungulia hesabu ambayo nilikuwa nimeizungukia bila kuiona. Bunge la taifa lina viti 266 vya majimbo. Punjab ina 141, Sindh 61, Khyber Pakhtunkhwa 45, Islamabad 3, na Balochistan, ambayo ni karibu asilimia 44 ya ardhi yote ya nchi, ina viti 16. Hesabu hiyo inafuata idadi ya watu na haina udanganyifu, lakini maana yake ni kwamba mwanasiasa anaweza kuwa waziri mkuu bila kuvuka Mto Hub hata mara moja. Seneti iliundwa na katiba ya mwaka 1973 ili kusawazisha, kila mkoa ukiwa na maseneta sawa, ila Seneti haipigi kura ya kupitisha bajeti. “Umepewa kiti karamuni,” alisema, “lakini si mkono wa kuchota.”

Hata hivyo hakuniruhusu nikate tamaa upesi. Alinitajia marekebisho ya 18 ya katiba ya mwaka 2010, yaliyopitishwa na vyama hasimu kwa pamoja, yakahamishia mikoani elimu, afya na mengine mengi. Mgawo wa fedha wa wakati huohuo uliipa mikoa asilimia 57.5 ya mfuko wa pamoja na, kwa mara ya kwanza, ukaacha kuhesabu vichwa peke yake. Umaskini ulipewa uzito wa asilimia 10.3, na upana wa ardhi yenye watu wachache 2.7. Kwa hesabu hiyo sehemu ya Balochistan ilipanda hadi 9.09. Aliikariri desimali ile kwa heshima, kama mtu anayesoma beti, akaongeza kwamba hakuna jenerali aliyewahi kuandika desimali kama hiyo.

Jumatano, 7 Februari. Lahore

Njia kuu ya magari kutoka Multan hadi Lahore ni laini kiasi kwamba chai haikumwagika. Lahore ina treni ya umeme ya Orange Line, kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2020, na nikiwa juu yake, nikiitazama mitaa ikipita kimyakimya, niliona aibu ya kuifurahia. Simu ililia ikileta habari za Balochistan: mabomu mawili, moja Pishin na jingine Qilla Saifullah, karibu na ofisi za wagombea, na zaidi ya watu 20 wameuawa. Kijana aliyekaa kando yangu aliisoma habari hiyohiyo, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kriketi. Sitaki kumhukumu. Ukiwa ndani ya treni hii Pishin iko mbali kuliko London.

Alhamisi, 8 Februari. Lahore, siku ya kura

Asubuhi, vituo vilipofunguliwa, mtandao wa simu ulizimwa nchi nzima, serikali ya mpito ikitaja usalama. Raia walikuwa wamezoea kutuma ujumbe kwenda namba 8300 kuulizia kituo chao cha kupigia kura. Leo walikiulizia kwa mdomo. Mimi si mwangalizi rasmi, kwa hiyo nilikaa nje ya ukuta wa shule moja nikiwatazama. Vijana wawili walikuwa na daftari la shule lililoandikwa kwa mkono majina ya wagombea wa Imran Khan na alama zao, mtaa kwa mtaa, na foleni yao ilikuwa ndefu kuliko ile ya kituo chenyewe. Bibi mmoja alikuja akiwa amesahau kila kitu isipokuwa jina la Khan. Kijana alimshika mkono, akamchorea picha kwenye kiganja, akamwambia, “Amma ji, hii, usinawe.” Aliporudi na wino gumbani aliinua kiganja chenye picha na kidole chenye wino kwa pamoja, watu wakampigia makofi, hata polisi mmoja alitabasamu.

Mzee mwuza njugu, mtu wa Nawaz tangu ujana, aliwatazama akanong'ona kwamba mwaka 2018 yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele vote ko izzat do, iheshimuni kura, wakati kiongozi wake alipokuwa gerezani na huyu aliye gerezani sasa, Imran Khan, akisaidiwa. Hakutaja aliyekuwa akisaidia. Hapa mtu husema “wao”, au huinua macho juu kidogo, na kila mtu anajua kwamba yanazungumzwa majeshi yaliyoitawala nchi hii kupitia Ayub Khan, Yahya Khan, Zia na Musharraf, na ambayo hata yakiwa kambini hayajawahi kuwa mbali.

Ijumaa, 9 Februari. Minar-e-Pakistan

Matokeo yalitarajiwa usiku, na mchana huu bado yanadondoka kama maji ya mfereji wa Lyari. Mabishano yote ni kuhusu fomu. Fomu 45 ni ile inayotiwa saini kituoni, na Fomu 47 ni ya majumuisho ya jimbo, na wagombea wengi wanapunga ya kwanza wakisema haifanani na ya pili. Mtu yeyote aliyewahi kukesha Kenya akisubiri 34A na 34B angeyafuata mazungumzo haya bila kujua neno la Kiurdu. Wagombea wasio na chama, wengi wao wa Imran Khan, wanaongoza kwa viti, jambo ambalo hakuna aliyenitabiria katika siku zote hizi, na jioni hii Nawaz Sharif ametangaza ushindi wa chama chake na kuwaalika wengine waunde serikali pamoja.

Nilikwenda bustanini kwenye mnara uliojengwa mahali ambapo mwezi Machi 1940 lilipitishwa Azimio la Lahore, lililodai nchi ya Waislamu. Aliyeliwasilisha hakuwa mtu wa Lahore bali A. K. Fazlul Huq wa Bengal, na ndani yake mna maneno kwamba sehemu zitakazoungana zitakuwa na mamlaka yao zenyewe. Azimio limechongwa chini ya mnara kwa Kiurdu, Kiingereza na Kibengali. Katika uchaguzi wa mwaka 1970 chama cha Wabengali, Awami League, kilipata viti 160 kati ya 300 vya majimbo, kikanyimwa serikali, na mwaka uliofuata nusu ile ya mashariki ya nchi ikajitenga kwa damu ikawa Bangladesh. Kibengali kimebaki hapa ukutani, na watoto wanautelezesha mpira juu ya sakafu yake.

Mtandao umerudi. Mwalimu alinipigia kutoka Lyari kuniarifu kwamba mshale umeurudisha mtaa wao, kisha akasema Amma anataka kujua jambo moja tu, kama huko Lahore gesi ipo. Nilimwambia ukweli, kwamba asubuhi mwenye nyumba yangu ya wageni alinichemshia maji ya kuoga kwa mtungi, kwa sababu gesi ya bomba hapa pia huja kwa saa. Alinyamaza, nikamsikia akimfasiria mama yake kwa Kibulushi, na mama akacheka mpaka akakohoa.